Shikamoo Itasubiri Nchi Kavu

Mtumbwi wa Lazaro ulipinduka Jumanne saa nne asubuhi, karibu kabisa na ukingo, na kilichoupindua kilikuwa adabu.

Ndani walikuwemo wanawake watano, kuku watatu waliofungwa miguu na debe la unga. Lazaro mwenyewe alikaa nyuma na kasia lake. Walikuwa wanavuka kupeleka vitu vya harusi ya binti yake, Dorika, upande wa Kinyangiri kwa wakwe. Ulikuwa ule mwaka wa mvua ya Elnino. Mto Ndurumo ulikuwa umeacha njia yake na kulala juu ya mbuga yote, na pale watu walipozoea kupita na baiskeli sasa palikuwa na maji ya kumfunika mtu mrefu. Lazaro aliwahi kuvua samaki Kitangiri ujanani, ndiyo maana katika kitongoji kizima cha wakulima na wafugaji ni yeye peke yake aliyekuwa na mtumbwi.

Walipobakiza hatua kama ishirini kufika, Mzee Fabiano akatokea ukingoni na koti lake la kijivu na fimbo. Huyu alikuwa babu yake bwana harusi, na alikuja tu kuwapokea. Wanawake wakamwona. Wote watano, kwa mara moja, wakainuka ili wapige goti.

"Kaeni!" Lazaro akapiga kelele. "Jamani, kaeni chi—"

Shikamoo yenyewe haikumalizika. Mtumbwi ulilala ubavu, ukamwaga watu kama mtu anavyomwaga maji ya kunawia.

Bahati pale maji yalifika kifuani tu. Vijana wawili waliokuwa wakinywesha ng'ombe wakaruka na nguo zao, wakawatoa mmoja mmoja. Unga ukawa uji. Kuku mmoja hakuonekana tena. Muuza mitumba aliyekuwa akipita na mzigo kwenye baiskeli alisimama, akafungua robota lake bila kuombwa, akawagawia wale wanawake nguo kavu. Mama mdogo wa Dorika alipata koti la manyoya la nchi za baridi. Alikaa nalo kwenye jua la Kinyangiri akitetemeka, na watu hawakujua wacheke au wampe pole.

"Ninyi watu," Lazaro akasema, akikamua shati lake. "Mlisimama kwa nini?"

Yule mama mdogo akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa shemeji, tungekaaje na baba amesimama?"

Lazaro akarudi majini kuuinua mtumbwi.

Jioni ile mtendaji wa kijiji alifika nyumbani kwa Lazaro akiwa amekunja suruali mpaka magotini. Alikuwa kijana mpole, na kazi yake ilimpa shida kwa sababu wengi wa kuwaamuru walikuwa sawa na wazazi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Asante. Nimekuja kufunga kivuko chako."

Damari, mke wa Lazaro, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, akasimama na kikombe mkononi. Dorika akatoka jikoni. Harusi ilikuwa Jumamosi. Raymond, mchumba wake, alikuwa mfanyakazi wa reli kule Itigi, na Jumatatu alitakiwa awe amesharudi kazini. Likizo nyingine angeipata mwakani, tena ikiwa mkubwa wake atapenda. Kanisa lilikuwa ng'ambo, mchungaji ng'ambo, wakwe ng'ambo. Katikati yao kulikuwa na maji.

"Mwanangu," Damari akasema, "na harusi?"

"Mama, mimi naitaka harusi. Kadi ninayo mfukoni. Lakini leo maji yalikuwa ya kifuani. Wangesimama pale katikati, leo tungekuwa tunalia." Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa yote. "Basi nisikilizeni. Nitafungua kwa mambo matatu. Moja, abiria wasizidi sita. Mbili, kila mtu awe amejifunga kitu kinachoelea, na wewe mzee pia. Tatu, asisimame mtu yeyote, kwa sababu yoyote, mpaka mtumbwi uguse tope."

"Hata akija mzee?" Dorika akauliza.

Mtendaji akajikuna shingo. "Hata akija mzee. Hilo ndilo gumu, dada. Mimi mwenyewe sijui kama ningeliweza."

Jumatano Lazaro alivuka peke yake, akaenda dukani kwa Mselemu.

Mselemu alikuwa Mwislamu wa Singida mjini, aliyekuja Kinyangiri biashara zilipofunguliwa. Wenyeji walikumbuka duka la ushirika la zamani, ambapo mtu alipanga foleni toka alfajiri kwa kipande cha sabuni na pengine akarudi bila hata hicho. Kwa Mselemu sabuni ilikuwa ya rangi tatu. Mafuta ya kula yaliingia kwa madumu ya manjano, akayauza kwa vipimo vidogo, na madumu matupu aliyapanga nyuma ya duka. Hayo nayo yalikuwa mali. Nyumba yenye dumu la kuchotea maji ilionekana imeendelea.

"Nataka madumu ya lita tano," Lazaro akasema. "Nilihitaji kumi na nne. Lakini nilichonacho kinatosha matatu." Aliweka noti zake juu ya meza, akaangalia ukutani badala ya kumwangalia mwenye duka.

"Kumi na nne? Unafungua kiwanda?"

Lazaro akaeleza. Mawili kila mtu, moja kifuani na moja mgongoni, yafungwe kwa mipira ya baiskeli. Mselemu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akazisukuma zile noti zikarudi upande wa Lazaro.

"Yachukue yote. Jumapili utayarudisha. Likitoboka moja usiniletee, nitaumia roho." Akaenda nyuma, akaanza kuyatoa mwenyewe, akilikagua kila moja kwa kulipuliza na kusikiliza. "Na vifuniko ukaze. Dumu lililo wazi linakunywa maji kuliko ng'ombe. Halafu, Lazaro, uyajaribu kwanza kwenye maji ya magoti. Usije ukamjaribia bibi harusi."

"Asante, ndugu yangu. Na Jumamosi uje kula."

"Nitakujaje wakati mbuzi mtamchinja wenyewe?"

"Utachinja wewe. Nimeshamwambia mama Dorika."

Mselemu akacheka, akaongeza mipira miwili ya baiskeli juu ya mzigo.

Furaha ya Lazaro iliishia nyumbani kwa wakwe. Alipita kuwaeleza masharti ya mtendaji, na shangazi yake bwana harusi, Marietha, akamsikiliza mikono kiunoni.

"Yaani bibi harusi aje kwetu amekaa kama gunia, na madumu shingoni? Baba yangu asimame pale ukingoni, watu wampite kama kisiki?"

"Hawampiti, dada. Wakifika nchi kavu watamwamkia vizuri. Shikamoo itasubiri nchi kavu."

"Shikamoo haisubiri! Tangu lini?"

Mzee Fabiano alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta. Alikuwa mtu aliyejulikana kwa jambo moja: ukimwamkia, hakuitikia kwa mdomo tu. Aliacha alichokuwa akifanya, akageuka mwili mzima kukuelekea, akainua fimbo yake juu, ndipo akasema "Marahaba" kwa sauti iliyojaa. Watoto walikuwa wakizunguka nyumba ili wamwamkie mara ya pili. Sasa hakumgeukia Lazaro.

"Asiyeniinukia mimi," akasema taratibu, "sitatoka nyumbani kumpokea."

Hapo hapakuwa na la kuongeza. Katika ukoo ule, bibi harusi alipokelewa kwanza na mkubwa wa nyumba. Yeye asipotoka, hakuna mwingine ambaye angethubutu kutoka.

"Nitakwenda mimi," Damari akasema usiku huohuo. Alhamisi asubuhi akajifunga madumu mawili, akakaa chini kabisa katikati ya mtumbwi, miguu ameinyoosha, viatu amevivua, na mumewe akamvusha.

Watu wa ukingoni walipomwona, kicheko kikaanza. "Mama anauza mafuta!" mmoja akapiga kelele. "Lita ngapi, mama?" Damari alisikia joto likimpanda masikioni, lakini hakuinuka mpaka mtumbwi ulipogusa tope. Akashuka, akatembea hivyo hivyo na madumu yake mpaka kwa Mzee Fabiano, ambaye kwa mazoea yake ya asubuhi alikuwa amekuja kutazama maji. Akapiga goti kwenye matope.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageuka mwili mzima, akainua fimbo. "Marahaba, mama Dorika." Hasira anayo, lakini shikamoo ni shikamoo.

"Baba, sikuja kubishana nawe. Sina maneno hayo. Nimekuja kukuomba kitu kidogo. Uingie mtumbwini ukae."

Marietha akasogea haraka. "Aende wapi?"

"Haendi popote. Akae tu."

Ilitokea kwamba katika umri wake wote, miaka sabini na zaidi, Mzee Fabiano hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alisita. Damari akafungua madumu yake mwenyewe, akamfunga yeye, polepole, akihakikisha mpira haumkazi tumbo, kama alivyokuwa akimfunga Dorika mgongoni zamani. Mzee akamwacha. Lazaro akamshika mkono, akamkalisha chini, Damari akakaa mbele yake, na mtumbwi ukasogea hatua chache kutoka ukingoni.

"Ni kama kukalia mgongo wa punda," mzee akasema.

"Punda mwoga," Lazaro akasema.

Wakati huo mabinti wawili walikuwa wakishuka na ndoo. Walimwona mzee wao, na kwa adabu zao wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo, babuu!"

Mzee Fabiano akageuka mwili mzima. Akainua fimbo.

Mtumbwi ukalala. Maji yakaingia kwa ubavu, yakamjaa mapajani, kofia ikaruka, fimbo ikachapa maji. Ile "Marahaba" ikatoka kama mtu aliyekabwa. Lazaro akajitupa upande wa pili kuusawazisha mtumbwi, Damari akaiokota kofia kabla haijakwenda mbali. Mtumbwi ukatulia. Mzee alikuwa amelikumbatia dumu la kifuani kwa mikono miwili.

Ukingoni hakucheka mtu.

"Nirudisheni," akasema.

Wakamrudisha. Damari akamfungua madumu, akaikamua kofia, akampa kwa mikono miwili. Mzee akaenda zake na suruali iliyolowa, bila neno, Marietha nyuma yake akisema, "Mmemlowesha baba! Mnaona? Mmemlowesha!"

Njiani kurudi Damari alilia kidogo. Lazaro hakumwambia anyamaze. Alipiga kasia taratibu zaidi, basi.

Ijumaa asubuhi jibu lilikuwa bado halijaja. Lakini hata asiyejua kama atapokelewa hana budi kujiandaa kwenda, na Lazaro alichora mtumbwi uani kwa majivu. Akauchora mrefu na mwembamba kama ule wa kweli.

"Ingieni," akawaambia wanawake. "Sita sita. Kaeni chini, msikae ukingoni. Viatu vueni. Kanga msifunge fundo shingoni, ikilowa itakuvuta. Mmoja ashike kopo la kuchotea maji. Mkitaka kupiga vigelegele pigeni, lakini makalio yabaki chini."

"Shemeji!" mama mdogo akamaka, na uwanja mzima ukacheka.

Wakakaa ndani ya majivu, Dorika katikati. Lazaro akajifunga shuka mabegani, akachukua mwiko wa ugali uwe fimbo, akaenda nyuma ya nyumba. Halafu akatokea akitembea kwa heshima zote, kifua mbele, akageuka mwili mzima kuwaelekea.

Wakasimama wote sita.

"Mmekufa!" Lazaro akasema. "Wote mmekufa. Hata pilau hamkuonja."

Wakacheka mpaka wengine wakaegemeana. Wakarudia. Safari hii walisimama watatu, na mmoja wao alikuwa Damari, ambaye alimwamkia mumewe mwenyewe bila kukusudia, na jambo hilo lilifanya kazi isimame kwa muda mrefu. Mara ya tatu alisimama mama mdogo peke yake. Akajilaumu, akasema magoti yake yalifundishwa na marehemu bibi yao na hayamsikilizi yeye.

"Basi shikaneni mikono," Dorika akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi. "Kila mmoja amshike mwenzake. Ukitaka kuinuka, mwenzako atakuvuta."

Wakashikana mikono. Lazaro akapita na mwiko wake mara nne, akakohoa, akasimama, akawatazama kwa ukali. Hakuinuka mtu. Walikuwa wamekaa kwenye majivu, wamefumba midomo, machozi ya kicheko yakiwatoka, na walikuwa hai wote.

Jioni Dorika alimkuta mama yake akikaza vifuniko vya madumu kwa mara ya pili.

"Mama, asipotoka?"

Damari akakaza kifuniko. "Utakuwa umefika mzima. Kutoka hapo tutaona."

Jumamosi walianza saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Lazaro alifuta mtumbwi, akauangalia ufa mmoja aliouziba kwa lami, akavusha sita wa kwanza, akarudi na madumu, akavusha sita wa pili. Mtendaji alisimama upande wa nyumbani na suti yake, akihesabu watu kwa vidole, akiwagusa vifuniko mmoja mmoja.

Waliovuka kwanza walikuta watu wamejaa ukingoni: kwaya, mchungaji mwenye mwavuli, Mselemu na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti, wale vijana wa ng'ombe. Raymond alikuwa na soksi mpya ndani ya viatu vilivyokwisha kujaa tope. Marietha naye alikuwepo. Mzee Fabiano hakuwepo.

"Babu yuko wapi?" mama mdogo akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndani," Marietha akasema. Lakini alikuwa akitazama njia ya nyumbani, na uso wake haukuwa wa mtu anayefurahi kushinda. "Hajasema na mtu tangu juzi."

Safari ya tatu ya mtumbwi ilimleta Dorika. Alivaa gauni jeupe, limekunjwa juu ya magoti lisilowe, na kifuani na mgongoni yale madumu ya manjano ambayo mama yake aliyaosha kwa majivu mpaka yakang'aa. Watu walipomwona hawakucheka. Damari alikaa nyuma yake, amemshika mkono. Upepo ulikuwa umeanza, mawimbi madogo yalipigapiga ubavuni, na mwenye kopo alichota maji bila kupumzika.

Walipobakiza hatua kama ishirini, watu wa ukingoni wakaachana katikati, na Mzee Fabiano akapita. Koti la kijivu lilipigwa pasi. Fimbo ilikuwa mkononi. Akaja mpaka maji yakamgusa viatu, akasimama palepale aliposimama Jumanne.

Lazaro akaacha kupiga kasia. Alizisikia shikamoo sita zikipanda ndani ya vifua sita. Aliona mgongo wa Damari ukinyooka. Mikono ikabanana. Mama yake mkubwa Dorika, ambaye mazoezini hakuwepo, akaanza kusogeza mguu.

"Marahaba!"

Sauti ilitoka ukingoni. Hakuna aliyekuwa amemwamkia.

"Marahaba!" Mzee Fabiano akarudia kwa nguvu zote, bila kugeuka, bila kuinua fimbo, ameinyoosha mikono yake chini kama mtu anayetuliza ng'ombe. "Marahaba, wanangu! Nimeitikia zote! Za jana, za leo, zote nimeitikia! Kaeni chini! Asiniinukie mtu!"

Ukingo mzima ukalipuka kwa kicheko na vigelegele. Mtumbwini nako wakacheka, na kicheko nacho kikautikisa mtumbwi, mpaka Lazaro akalazimika kupiga kelele, "Na msicheke! Mtacheka nchi kavu!" jambo lililowafanya wacheke zaidi. Lakini makalio yalibaki chini. Mtumbwi ukateleza, ukagusa tope, ukasimama.

Raymond aliingia majini na soksi zake mpya, akamshika mkono mchumba wake. Dorika akashuka. Hakusubiri kufunguliwa madumu. Alitembea mpaka mbele ya mzee, akapiga goti pale kwenye tope, gauni jeupe na yote, na dumu la mbele likagusa ardhi.

"Shikamoo, babu."

Mzee akaishika fimbo vizuri.

"Baba," Marietha akanong'ona, "si umeshaitikia?"

"Zile zilikuwa za wote," mzee akasema. "Ya huyu niliibakiza."

Akageuka mwili mzima kumwelekea Dorika. Akaichimbia miguu yake vizuri kwenye ardhi. Ndipo akainua fimbo juu kabisa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu nyumbani."